Fomu ya Ndugu wa Karibu

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku sijambo, kwa jinsi kujambo kwangu kulivyo siku hizi. Natumaini wewe na Baba mko salama, na kikohozi chake kimepungua tangu uanze kumfungia dirisha. Mwambie lile sweta nililomtumia si pambo la kabatini, alivae. Sisi kiwandani hatupumui. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo kila mtu duniani anataka madaftari kwa wakati mmoja. Nimetolewa kwenye kubana madaftari kwa pini nikawekwa kwenye mashine ya kukatia karatasi, maana yake ni kusimama kwa saa tisa: nainua rundo, naligonga mezani mpaka kingo zilingane, nalisukuma chini ya kisu, nakanyaga pedali. Mama wa mashine ya jirani, ambaye sote tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, anakusalimu ingawa hakujui.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, halafu unaniuliza kama nimekula.

Maumivu yamefika pabaya. Yalianza mgongoni miaka mitatu iliyopita, sasa yamepanda shingoni, yameshuka nyongani, na asubuhi vidole vyangu havitaki kufunga vifungo vya blauzi. Hospitali ya hapa ina kliniki ya maumivu, ambayo kazi yake ni watu kama mimi tu. Wana mtu wa kukunyoosha viungo, wana dawa, wana mshauri wa kuzungumza naye. Lakini huingii bila daktari kukuandikia.

Wiki iliyopita nilikwenda kuandikiwa. Daktari, yule mwenye kalamu tatu mfukoni, hakunigusa hata bega. Aliniuliza kwa nini nimehama kazi mara tano na kwa nini nimewafokea wauguzi, akaandika, akalifunga faili kwa utepe, akanipa nilipeleke mwenyewe chumba namba sita. Shangazi, wewe ungempa paka samaki amfikishe chumba namba sita? Nilikaa kwenye ngazi nikafungua.

Imeandikwa: tatizo la haiba. Maumivu hayana chanzo mwilini. Asipelekwe kliniki ya maumivu. Chini yake: tazama fomu ya ndugu wa karibu. Kabla sijageuza ukurasa, muuguzi alinikuta akaninyang'anya. Nilimuuliza tatizo la haiba ni ugonjwa gani. Alitazama dari kwanza, kisha akasema ni mtu ambaye vile alivyo ndivyo anavyoumwa.

Nimekata rufaa. Jopo la madaktari watatu, yule wa kalamu tatu akiwa mmoja wao, litanisikiliza tarehe 17 Juni, na wakinikataa hapo hakuna mlango mwingine. Sasa nataka kujua: hiyo fomu walimpelekea nani? Kama ni Baba, muulize alijibu nini.

Mimi wako,
Kero


27 Februari

Kero, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku tuliyokuwa tunapokea magodoro. Wameniletea arobaini na mawili kwa vitanda arobaini na vinne, kwa hiyo kuna wasichana bwenini kwangu wanaolala mzungu wa nne, wawili godoro moja, huku mkuu wa shule akisema tatizo linashughulikiwa. Baba yako anavaa sweta, ila amelivaa mbele nyuma, na ukimwambia anasema kifua ndicho kinachopata baridi, kwa hiyo upande mnene ukae huko. Kikohozi kimepungua. Ameanza tena kubishana na taarifa ya habari, nami nimeshukuru maana ni dalili ya afya.

Kuhusu mgongo, lalia ubao, kanda kwa maji ya moto, usiiname bila kukunja magoti. Mimi nimekuwa matroni miaka ishirini na tisa. Nimewaona wasichana wakishikwa na tumbo asubuhi ya mtihani wa hesabu na kupona saa saba mchana bila hata kidonge. Sisemi wewe ni kama wao. Nasema tu kwamba mwili ukisikilizwa sana huwa na maneno mengi.

Hayo makaratasi ya hospitali usiyatilie maanani, kila ofisi ina makaratasi yake. Baba yako hakuletewa fomu yoyote. Nimekufungia mkanda wa kukaza kiuno, ulikuwa wa mwalimu wa michezo aliyestaafu, nimeufua.

Unakula vizuri?

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mkanda umefika na nakushukuru. Unanipunguzia kidogo nikiwa nimekaa, bahati mbaya silipwi kwa kukaa. Redio kauomba ajaribu, kaupenda, imebidi niuvue kiunoni mwake kwa nguvu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu. Nimekuta magodoro arobaini na mawili, nimekuta mtihani wa hesabu, jibu sijalikuta. Unasema Baba hakuletewa fomu. Nimekuelewa. Mama hayupo duniani, ndugu wa tumbo moja sina, na mtu wa karibu baada ya Baba ni mmoja tu.

Jana nilirudi kwa yule daktari nikamwambia aniangalie mgongo walau mara moja kabla ya kuandika haiba yangu. Aliniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Akaandika na hilo pia. Ndivyo mtego wenyewe ulivyo: nikilia, ni haiba, nikinyamaza, naficha, ni haiba, nikikasirika, basi hapo ndipo anapotabasamu kabisa. Ningekuwa nimevunjika mguu angeniacha nitukane na bado angefunga plasta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimekilalia hiki usiku elfu moja.

Nakuomba neno moja tu kwenye karatasi. Ni wewe, au si wewe?

Kero


16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano umekaa kimya. Baba aliniambia kwa simu kwamba mpo wazima na kwamba siku hizi huimbi ukifua, kwa hiyo barua yangu najua ilifika.

Usihangaike tena kujibu. Mkata rufaa ana haki ya kupewa nakala ya faili lake, na jana nimepewa. Nimeujua mwandiko kabla sijasoma neno, maana ndio uliofunza mkono wangu herufi.

Mgonjwa ana tabia gani? Umejibu: jeuri tangu kuzaliwa. Je, hupenda kutazamwa? Sana, akijikwaa anataka mtaa mzima ujue. Je, ana uhusiano wa kudumu na watu? Hakai na mtu, huyo hata kivuli chake kitamkimbia. Je, husema kweli kuhusu afya yake? Msimwamini sana, ana chumvi nyingi. Swali la mwisho linauliza kama kuna jambo jema ambalo ndugu angependa kuongeza. Hapo umechora mstari, tena kwa rula.

Umenilea tangu nina miaka sita. Kama ungekuwa adui ningejua la kukufanya. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini na nguo yenyewe anapoipenda.

Nimeumia kuliko mgongo.

Kero


2 Mei

Kero mwanangu,

Marahaba kwa salamu zako, ingawa sizistahili. Baba yako mzima. Bweni zima lina mafua.

Ni mimi. Nilipaswa kukwambia Februari. Barua yako ya kwanza iliponifikia ndipo nilipoelewa fomu ile ilikuwa ya nini, nikaona aibu, na aibu ikanifanya nikuandikie habari za magodoro.

Nisikilize sasa. Kabla yangu mimi na baba yako, Bibi yako alizaa mtoto mwingine. Wageni walikuja wakamsifu unono, wakamsifu macho, na Bibi kwa furaha akaongeza sifa zake mwenyewe. Mtoto hakumaliza mwezi. Tangu hapo nyumbani kwetu mtoto hakusifiwa mbele ya mgeni. Mimi niliitwa Jalala. Baba yako aliitwa Gogo mpaka siku ya harusi yake. Wewe ulipozaliwa ukiwa mzuri kupita kiasi, Bibi alikuita Kero kabla hujakauka maji. Kwetu, mtoto anavyozidi kupendwa ndivyo anavyozidi kutukanwa mlangoni, na sote tulilijua hilo bila kuambiwa. Fomu ikaja na mhuri, watu wakubwa nisiowajua wanamuulizia mtoto wangu kwa undani vile, na kalamu ikaenda yenyewe. Ule mstari wa mwisho nilidhani nakukinga na kijicho. Haikunijia kwamba mahali pengine duniani watu wanaamini wanachosoma.

Hiyo ni nusu. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo pokea na nusu ya pili. Yale ya chumvi nyingi niliyaamini. Kila uliponipigia simu kulalamika nilimwona msichana wa mtihani wa hesabu, na niliweka simu chini nikamwambia baba yako kwamba Kero yuko vilevile. Nakuomba radhi kwa nusu zote mbili.

Nimewaandikia jopo barua mpya, nimeiambatanisha. Nimewaambia wewe ni mpole, mvumilivu, hujawahi kuinua sauti, watu wote wanakupenda. Nilipokuwa nikikusifu kwa maandishi nilitazama nyuma mara mbili kama Bibi yupo. Wape hiyo, waitupe ile ya kwanza.

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo tena, na hii ya leo nimeitoa moyoni. Nimesoma barua yako wakati wa mapumziko, nyuma ya marundo ya majalada. Nimelia mpaka nikalowesha jalada la daftari la mistari miwili. Kisha nikafika pale nilipokuwa sijawahi kuinua sauti, nikacheka mpaka Redio akazima mashine aje kuona kuna nini. Kwa Redio hilo ni jambo kubwa.

Nimekusamehe nusu ya kwanza. Ya pili nipe muda, naifanyia kazi.

Lakini barua yako kwa jopo siipeleki. Huyo mwanamke uliyemwandika humo simjui, na ningekutana naye ningemwonea wivu. Shangazi, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mgongo wangu wenyewe hautaki utani. Mimi si mtu rahisi. Nimeachana na wanaume wanne kabla hawajaniacha, na wawili kati yao hawakuwa na mpango wowote wa kuniacha. Mtu akichelewa kujibu, kichwani mwangu ameshakufa au amenichoka. Leo nakupenda, kesho nakuchukia kwa sababu ya toni yako kwenye simu, keshokutwa nalia. Hayo nilikuwa nayo kabla ya mgongo, na mgongo umeyachochea.

Nilimvizia mshauri wa ile kliniki kwenye ngazi akila chakula chake cha mchana. Ni mama mtu mzima, hakunifukuza, alisogea nikae. Nikamuuliza kama kweli haiba inaweza kuleta maumivu. Akaniambia mambo haya mawili huonekana pamoja mara nyingi, na kwamba mpaka leo wataalamu wanabishana lipi linamvuta mwenzake. Maumivu ya miaka humnyima mtu usingizi na subira, na watu wakimwona mkali zaidi ya alivyokuwa wanadhani ndivyo alivyoumbwa. Na mtu ambaye hisia zake huja kwa kishindo, maumivu nayo humjia kwa kishindo. Nikamuuliza, sasa ndiyo maana naachwa nje? Alifunga kontena lake la chakula taratibu, akasema, "Mama, hiyo ndiyo sababu ya kukuingiza."

Kwa hiyo nimekata shauri. Sitaki kutibiwa kwa sababu ni mwema. Nataka kutibiwa kwa sababu naumwa. Leo nikipita kwa barua ya upole, kesho atakuja mwingine mwenye mdomo kama wangu, asiye na shangazi wa kumwandikia, wamrudishe kwao na vidonge vya kichwa. Nitakwenda kama nilivyo. Wakinikataa, wanikatae mimi mwenyewe.

Barua yako nimeiweka kwenye Biblia ya Mama. Ni yangu, wao haiwahusu.

Mpe Baba salamu.

Kero


24 Juni

Kero,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu. Baba yako alikuwa amekula mikate mitupu siku nne na kunipokea kama mfalme aliyepinduliwa.

Njia nzima kutoka hospitali hadi stendi ulinibana niseme nilichosema mle ndani mbele ya jopo, nami nikajifanya nasinzia. Hata kuja kwenyewe hukuniita, najua. Uliponikuta kwenye benchi la korido na begi langu ulikasirika, ukasema nimekuja kukuharibia. Niliogopa kwamba huenda ni kweli. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu kwa mdomo ningelia, na matroni halii stendi.

Walikutoa wewe wakaniita mimi. Daktari wa kalamu tatu alikuwa na fomu yangu mkononi. Yule mama wa katikati, mwenye nywele nyeupe, ndiye aliyeuliza kama mimi ndiye niliyeandika jeuri tangu kuzaliwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimekuja kuyakanusha. Nilikuwa nimeyakariri maneno ya ile barua yangu, mpole, mvumilivu, yote, nikiwa na nia ya kuyasema bila ruhusa yako. Lakini nilikuwa nimetoka kukuona ukiinuka kwenye benchi. Ulishika ukuta, ukangoja, ukashika tena, na uso wako ukawa mtupu, kama msichana anayezuia kutapika darasani. Miaka mitatu ninasikia habari hiyo kwa simu, na sikuwahi kuiona.

Nikawaambia hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Ni jeuri. Sifuti hata neno. Nimelea wasichana kwa miaka ishirini na tisa, na majeuri huumwa kama wapole. Tofauti ni kwamba wapole hatujui mpaka tunapowazika."

Daktari wa kalamu tatu akasema fomu yangu ilionyesha kwamba husemi kweli. Nikamwambia fomu yangu ilionyesha kwamba mimi sikuwa nakuamini, na kama anatafuta mwenye kasoro katika hilo, amekaa mbele yake. Sikuinua sauti. Nadhani nilipiga meza kidogo.

Sijui watajibu nini. Kama nimekuharibia, nimekuharibia kwa ukweli safari hii, na utanikasirikia kwa haki. Lakini nilitaka ujue kwamba wapo watu watatu wasionijua, wageni kabisa, waliokaa mbele yangu, na kabla sijatoka nikawaambia kwamba wewe ndiye mtoto ninayempenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho. Nikasubiri dari lianguke. Halikuanguka.

Shangazi yako


15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie Baba pole ya mikate. Redio amepata mjukuu na tangu Jumamosi sijasikia sauti ya mashine yangu mwenyewe.

Jibu la jopo limeletwa kiwandani leo saa nne, nikiwa kwenye kisu, rundo nusu limekatwa. Msimamizi alinipa bahasha akasimama palepale, maana mhuri wa hospitali humpa mtu hamu. Nimeifungua kwa vidole vilivyojaa vumbi la karatasi.

Hawakulifuta lile neno. Wameandika: tatizo la haiba, huenda lipo, lifuatiliwe na mshauri. Nimelipokea. Kama nimeishi nalo miaka thelathini na minne bila jina, naweza kuishi nalo likiwa na jina, tena sasa nina mtu wa kulizungumza naye, na sina nia ya kumwonyesha uso wa upole huyo mama wa watu. Daktari wa kalamu tatu hakutia saini. Wawili wametia.

Mstari unaofuata una maneno mawili. Maumivu: yapo.

Nimeyasoma nikasahau kwamba kuna watu. Miaka mitatu, Shangazi. Nimepimwa damu, nimepigwa picha, nimeulizwa kuhusu wanaume, nimeambiwa nipunguze sauti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika neno hilo fupi kiasi hicho. Chini yake imeandikwa nipokelewe kliniki kuanzia Jumatatu.

Msimamizi aliniuliza kama ni habari mbaya, kwa jinsi nilivyokuwa nalia. Nikamwambia hapana. Akasema basi nirudi kazini, mizigo inasubiri. Nikamwambia nitarudi, lakini sitarudi nikiwa nimesimama. Nimelivuta kreti la majalada mpaka mbele ya mashine, kwa mikono yangu, taratibu, watu wote wakitazama. Nimelilaza ubavu, nikakaa, nikanyoosha mguu kwenye pedali, na umefika.

Alifungua mdomo. Nilimtazama tu, na wewe unajua ninavyotazama. Redio akazima mashine yake kwa mara ya pili mwaka huu, akaenda kuvuta kreti lake.

Kero